Mwezi Ishirini, Nne

Mwanamkasi binti Hija alikuwa fundi wa kofia za viua, na mimi ndiye niliyemvunjia ndoa yake kwa kalamu ya wino wa buluu. Nasema mapema, asije mtu akadhani nasimulia makosa ya wengine huku mwenyewe nimekaa pembeni nimetulia.

Mwaka huo wa 2006 nilikuwa na miaka ishirini na tatu, muuguzi mpya, mtoto wa mjini, wa Kiponda. Bibi yangu Sheikha hakumbakisha jirani hata mmoja asiyemwambia kwamba mjukuu wake Rawiya kapata kazi ya serikali. Kazi yenyewe ilikuwa katika kituo kidogo cha afya upande wa Fumba. Jina la kituo silitaji, haliwasaidii kitu. Nilipewa meza mlangoni na rundo la kadi za kliniki. Mjamzito akija, mimi ndiye wa kwanza kumuuliza na kumwandika, kisha anaingia ndani kupimwa na Bi Salhiya, mkunga wetu mkubwa. Nilikuwa na mwandiko mzuri, nao ulinitia kiburi.

Mwanamkasi alikuwa na miaka ishirini na saba. Mumewe, Usi, alikuwa mwashi, mtu mpole, mchapakazi, mwenye kusema kidogo. Mkewe naye alishona kofia. Aliyewahi kuishika kofia ya viua mkononi anajua kazi yake: kila tundu linahesabiwa, ukikosea moja ua zima linakwenda upande. Mwanamkasi hakukosea. Wanaume wa mjini walimwagizia kofia za Idi tangu Rajabu, na wengine walivaa kazi yake bila hata kujua jina lake.

Alikuwa ameshaharibikiwa na mimba mbili. Zote mbili alizileta kliniki mapema, kama redio ilivyofundisha na kama sisi tulivyohimiza kila siku: njooni mapema, njooni mapema. Ila benchi letu la wajawazito liliwekwa barazani, likitazama njia. Jumatano ilikuwa siku yao, na kila aliyepita kwenda kisimani au dukani aliwaona walioketi pale mmoja mmoja. Mtu wa miezi miwili akikaa kwenye benchi lile, jua halijatua Fumba nzima ishamjua. Kwetu mimba changa inafichwa, watu wanaogopa jicho. Mwanamkasi alipongezwa mara mbili na mara mbili akapewa pole, na mara ya pili mama mkwe wake akasema mbele ya watu kwamba kliniki ndiyo inayomharibia mimba. Sisi tulimkasirikia yule mama kwa ujinga wake. Benchi hatukuligeuza.

Kwa hiyo mara ya tatu alikata shauri: atajua mwenyewe kwanza, na hatomwambia mtu.

Haya yanayofuata aliniambia baadaye, akicheka na kulia. Alikwenda mjini kupeleka kofia, akapitia duka moja la dawa pale Darajani. Alizunguka mara tatu mpaka wateja wapungue, kisha akamwambia muuzaji kwa sauti ya chini kabisa anataka kile kipimo cha mkojo. Muuzaji akageuka akapaza sauti mpaka ndani stoo, "Jamil! Vile vipimo vya mimba umeviweka wapi?" Mwanamkasi akavuta ushungi mpaka machoni. "Si changu," akasema, "nnamchukulia mtu."

Alipima alfajiri ya Jumatatu, tarehe 27 Machi. Usi alikuwa keshaondoka siku ya kumi na moja mwezi huo huo kwenda Pemba, kujenga skuli. Mistari ikatoka miwili, myekundu, mmoja umekoza na mmoja umefifia. Ukutani alikuwa na kalenda ile ya kuchana, kila siku karatasi yake, tarehe ya miladi juu kwa maandishi makubwa na ya Kiislamu chini yake kwa madogo. Akaichana karatasi ya siku ile, akakifunga kipimo ndani yake, akakitia katika kopo la nyuzi na sindano ambalo hapana mtu mwengine aliyetia mkono wake. Alikaa kitako akafurahi peke yake, kisha akaogopa peke yake.

Usi hakumwambia. Simu ya Usi ilikuwa ni simu ya msimamizi wao wa ujenzi, na simu ya Mwanamkasi ilikuwa ya jirani, na jirani akimpa simu hakuondoka. Alingoja mpaka mimba ikae. Mwezi wa Julai, tumbo lilipokuwa halifichiki tena, ndipo alipomwambia, "Tunatarajia mgeni." Huko Pemba msimamizi akasikika akicheka na Usi akisema Alhamdulillahi, Alhamdulillahi. Miezi haikutajwa. Nani atataja miezi na jirani kasimama hapo?

Wiki hiyo hiyo akaja kwangu.

Naukumbuka mkao wake, amejikunja kwenye kiti, mikono juu ya tumbo. Nilimuuliza jina, umri, mimba ya ngapi. Kisha nikamuuliza, bila ya kuinua uso, "Mara ya mwisho uliingia mwezini lini?"

"Mwezi ishirini, nne," akasema.

Nikaandika, vizuri, kwa mkono wangu wa kujivunia: 20/4/2006.

Msomaji wa kwetu keshanishika. Kwa asiyejua, nieleze. Unguja, baada ya Ramadhani, miezi tunaihesabu kwa mifungo: Mfungo Mosi ndio wa Idi, Mfungo Pili, Mfungo Tatu, mpaka Mfungo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani, na Ramadhani tena. Na anayehesabu kwa mwezi wa angani hasemi tarehe ishirini, anasema mwezi ishirini. Mwanamke kama Mwanamkasi siku zake za hedhi ni jambo la sala na saumu, kwa hiyo huzihesabu kwa mifungo, kama mama yake na bibi yake. Aliniambia mwezi ishirini, Mfungo Nne, siku kumi baada ya Ashura. Mwaka ule siku hiyo iliangukia tarehe 19 Februari. Mimi nikamwandikia Aprili.

Na nisijifanye mgeni. Mimi nimelelewa na Bi Sheikha! Saumu sita za Mfungo Mosi nimezifunga tangu mdogo, na Maulidi nayajua ni Mfungo Sita kabla sijajua kusoma. Lau bibi yangu angeniambia maneno yale yale jikoni, ningeelewa hapo hapo. Lakini nilikuwa nimevaa sare, nimeshika kalamu, na nikivaa sare masikio yangu yalisikia Kizungu tu.

Bi Salhiya alimpima, akatoka uso umekunjamana. "Rawiya, kadi inasema hajatimiza miezi mitatu. Tumbo limefika kitovuni, kama la miezi mitano. Umemuuliza vizuri?"

"Nimemuuliza vizuri," nikasema.

Neno hilo linanichoma mpaka leo. Ilikuwa hatua nne tu mpaka kwa Mwanamkasi, aliyekuwa akivaa viatu vyake pale mlangoni. Sikuziendea. Bi Salhiya akaandika kwenye kadi, "Tumbo kubwa kuliko tarehe. Mapacha?" akamwambia aende mjini akapigwe picha. Mwanamkasi akaitika, na hakwenda. Kila mashine na kila chumba, kwake yeye, ilikuwa ni macho mengine zaidi.

Usi alirudi siku mbili kabla ya Ramadhani. Jaku, mdogo wake, alimwambia Mwanamkasi baadaye kwamba kaka yake alishuka bandarini amebeba beseni la kuogeshea mtoto kichwani na hakuona haya. Siku kumi na tano za kwanza nyumba ile ilikuwa na raha. Kisha Usi akatafuta kitambulisho chake sandukuni, akakutana na kadi ya kliniki, akaifungua aone habari za mwanawe.

Hedhi ya mwisho: 20/4/2006. Yeye aliondoka Machi.

Alifuturu kimya, akala daku kimya, akasali tarawehe akarudi akalala barazani. Mwanamkasi akadhani ni uchovu wa saumu, kisha akadhani ni mama mkwe. Idi ikapita, na siku ya tano ya Mfungo Mosi Jaku akatumwa na karatasi, macho chini: "Nimekupa talaka moja. Sababu unaijua."

Sababu hakuijua. Alikusanya nguo zake na kopo lake la nyuzi, akarudi kwa mama yake, Bi Mwanamwema, nyumba ya tatu kutoka kisimani.

Jumatano ya kwanza ya Novemba walikuja kliniki, mama na binti yake. Mwanamkasi alikuwa amekonda uso na tumbo limemshuka. Bi Mwanamwema aliitupa kadi juu ya meza yangu.

"Shikamoo, Bi Mwanamwema."

"Marahaba. Nsomee hii, mwanangu. Usi kamwambia Jaku kwamba shahidi wake kadi yenu. Nsomee huo ushahidi."

Nikasoma. "Hedhi ya mwisho, tarehe ishirini mwezi wa nne." Nikamtazama Mwanamkasi. "Si ndivyo ulivyonambia?"

"Mwezi wa nne?" akasema polepole. "Mie nimekwambia nne. Mfungo Nne. Ashura nshaifunga, siku ya kumi baada yake nkaingia mwezini. Usi alikuwepo. Alikuwepo, Rawiya!"

Nilihesabu kwa vidole chini ya meza kama mtoto wa chuo cha Kurani, na kila kidole kilinisuta. Mtoto hakuwa wa Januari. Alikuwa wa mwezi huu huu wa Novemba, mwisho wake, na mama yake alikuwa ameachwa kwa zinaa iliyotoka kwenye kalamu yangu. Nililia pale pale mezani, mbele ya benchi zima. Bi Mwanamwema hakuniambia ninyamaze.

Mwanamkasi ndiye aliyefungua pochi yake akatoa karatasi ya kalenda iliyokunjwa. Ndani yake kilikuwemo kipimo, kimekauka, mistari yake bado inaonekana. Juu ya karatasi: 27 Machi. Chini yake: 26 Mfungo Tano.

"Hii nlipima mwenyewe," akasema. "Mwenye kuingia mwezini Aprili atakuwaje na mimba Machi?"

Swali lile lingemtosha kadhi yeyote. Niliiandika kadi upya, tarehe mbili mbili, miladi na mifungo, Bi Salhiya akatia sahihi yake bila kunitazama, na jioni ile nikaenda kwa Usi.

Nilikuwa na haraka, na sababu yake nieleze. Talaka ilikuwa moja. Mume aliyetoa talaka moja anaweza kumrejea mkewe muda wote wa eda, hana haja ya mahari mpya wala ya kumuuliza mwanamke mwenyewe. Neno lake linatosha. Na eda ya mwenye mimba ni mpaka ajifungue. Akishajifungua, mlango wa kurejea umefungwa. Hilo Usi alilijua. Alichokosea ni siku, kwani siku alipewa na mimi.

Nilimkuta anakoroga saruji uani. Nikamweleza yote, nikajitukana mbele yake, nikampa kadi mpya na karatasi ya kalenda. Aliishika karatasi ile muda mrefu, kwa vidole vyeupe vya saruji.

"Karatasi ya kalenda hata mie ntaichana," akasema.

"Ya leo utaichana, kaka yangu. Ya Machi utaipata wapi Novemba? Zishawashiwa moto zote."

Nilimwona amesadiki. Naapa nilimwona, mabega yalimlegea kabisa. Lakini alikuwa keshaongea na wazee wa msikitini, keshamwambia mama yake, na mama yake keshawaambia wengine. Kurudi nyuma mbele ya watu wote wale kulimtia uzito.

"Nnakwenda Pemba kumalizia kazi," akasema. "Nikirudi ntakaa na wazee. Muda upo."

"Muda haupo! Ni mwezi huu huu!"

Akanirudishia kadi. "Kwa kadi yako ya kwanza, au ya pili?"

Niliondoka na vumbi la saruji kwenye kadi.

Wiki tatu zile Mwanamkasi alikuja kila Jumatano, akaketi kwenye benchi lile lile, mgongo umenyooka. Wanawake waliokuwa wakimpisha kwa ajili ya tumbo lake sasa walisogea kwa ajili nyengine. Kadi mpya haikuwa na miguu ya kuzunguka Fumba kama ile ya mwanzo. Nilijaribu kuwaeleza mmoja mmoja; walisema ndiyo, mwanangu, ndiyo, na wakaendelea kumtazama. Presha yake ikaanza kupanda. Bi Salhiya alimlaza vyumba vya ndani siku mbili, akamwangalia kama yai, na mimi nikafanya kazi zote za kufagia bila ya kuambiwa.

Alijifungua Jumanne, tarehe 28 Novemba, adhuhuri. Mtoto wa kike, kilo tatu na robo, ana nywele tele. Bi Salhiya alimfuta, akauinua mkono wake mdogo mbele ya uso wangu, akanionesha kucha zilizopita ncha za vidole.

"Huyu wa miezi saba huyu, Rawiya?"

Habari zilifika Pemba kwa simu ya msimamizi. Ijumaa baada ya sala Usi alikuwa mlangoni kwa Bi Mwanamwema, na doti mbili za khanga, sabuni ya mtoto, na macho mekundu. Mimi nilikuwepo, nimekuja kumtazama mzazi na kumwandikia mtoto kadi yake. Usi alipiga hodi, akasalimia, akasema palepale kizingitini, kwa haraka, kama mtu aliyelikariri neno njia nzima, "Nimemrejea mke wangu."

Bi Mwanamwema hakuinuka kitini. "Unamrejea nani? Eda imekwisha Jumanne."

"Kadi..." akaanza.

"Kadi gani, Usi?" Sauti ilitoka kitandani. Mwanamkasi alikuwa amekaa, mtoto yuko mapajani. "Mtoto wako. Ataitwa binti Usi, na ukitaka kuja kumwona uje, hatukufungii mlango. Mie talaka yangu nshaimaliza."

"Basi nnakuposa upya. Kwa mahari. Mbele ya watu wote. Mama yangu atakuja akuombe radhi." Alikuwa analia waziwazi, mtu mzima yule, na mimi nikamwonea huruma, sitosema uongo.

"Sasa ndiyo nnaulizwa," Mwanamkasi akasema. "Kadi uliisoma Ramadhani, Usi. Mie nilikuwa chumba hicho hicho, nakushonea kofia yako ya Idi. Ungelinambia neno moja tu, Mwanamkasi, hii Aprili ni nini? Ningelikujibu kabla hujakaa kitako. Nusu mwezi nimekupakulia futari, hukuniuliza." Kisha akanigeukia mimi. Hakuwa na hasira, na lau angelikuwa nayo ningeliona nafuu. "Na wewe pia. Nilikuwa mbele yako. Hukuinua hata uso."

Bi Mwanamwema alianza kusema kitu, mwanawe akamzuia kwa mkono.

"Haya, andika kadi ya mtoto," akaniambia. "Polepole. Ntataja, na wewe uniulize."

Niliinua uso, nikamtazama vizuri, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Kazaliwa lini?"

"Mwezi sita, pili."

"Mfungo Pili?"

"Mfungo Pili."

"Ambayo ni tarehe ishirini na nane Novemba?"

"Hiyo hiyo."

Nikaandika zote mbili. Nikamuuliza jina la mama, akalitaja. Nikamuuliza jina la baba, akalitaja bila ya kusita. Nikamuuliza hali ya ndoa, akasema, "Mtalaka," nikaliandika neno hilo kama alivyolitaja. Usi alikuwa bado amesimama mlangoni, khanga zake mkononi.